Wiki ya Noti Ndogo

Jumatatu

Jirani yangu wa Kangemi ni mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Westlands. Leo alfajiri alinigongea mlango, mkononi ana mkebe wa siagi uliojaa sarafu. Ni bakshishi alizopewa na wageni tangu mwaka jana: euro, pauni za Uingereza, senti za Marekani. Kwa kuwa duka langu la vitambaa liko River Road, aliona mimi ndiye niliye karibu na wanaobadilisha pesa. Nikaupokea mkebe. Ulikuwa mzito.

Matatu ilijaa nikiwa bado natafuta pa kuuweka, nikaupakata hadi mjini. Makanga alichukua noti yangu ya 200, akasema chenji iko mbele. Westlands tukaipita, Museum Hill tukaipita. Tuliposhuka alitupa noti moja ya 500, mimi na abiria wengine wawili, tugawane wenyewe. Tukasimama barabarani watu watatu tusiojuana, tumeshika noti moja. Muuza maji alikubali kuivunja tukimnunulia maji. Hakuna aliyekuwa na kiu.

Duka la fedha lilikuwa na foleni iliyoshuka ngazi. Mbele yangu alisimama mama mwenye noti ya dola 100 ya muundo wa zamani, ile isiyo na ukanda wa buluu katikati. Noti yenye ukanda ilianza kutumika Oktoba 2013. Benki kuu ya Marekani haijazifuta zile za nyuma, zote ni halali. Ukweli huo haukumsaidia mama. Karani aliielekeza noti kwenye mwanga, akaigeuza, akasema ya namna hiyo wanainunua kwa bei ya chini. Mama akaifunga tena ndani ya leso, akaondoka.

Zamu yangu ilipofika niliweka mkebe dirishani. Karani alichungulia, akausukuma nyuma kwa kidole. "Mzee, sarafu hatuchukui." Nilimuuliza kama kuna duka linalochukua. Akasema hajawahi kuliona.

Sababu yake inaeleweka. Noti za kigeni hufungwa mabunda, zikasafirishwa hadi kwenye benki zinakotakiwa. Sarafu ni nzito, thamani yake ni ndogo, na hakuna anayekubali kuilipia safari. Ikishavuka mpaka inakuwa chuma. Ndani ya mkebe ule mlikuwa na sarafu za euro 2. Mgeni aliyetoa moja alijua ametoa kitu cha maana, kwa maana ingekuwa noti ingefika karibu shilingi 300. Jirani yangu alimpelekea sahani, akamwondolea sahani, akashukuriwa, akarudi Kangemi na kitu kisichonunua unga. Jambo hili linaniuma.

Hata dola moja ya karatasi haiko salama. Ubao wa duka lile ulikuwa na bei mbili za dola: ya noti kubwa, na nyingine ya chini yake, ya noti ndogo. Yenye mchubuko au alama ya kalamu hurudishwa. Kwa hiyo anayelipwa kidogo hukatwa zaidi, na anayemlipa hajui.

Jioni nilimrudishia jirani mkebe wake. Akauliza safari yangu ya Moshi ni lini. Nikamwambia Jumatano. Akanirudishia mkebe. Moshi, alisema, imejaa Wazungu wanaorudi kwao.

Jumanne

Ijumaa ni sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu aliyeolewa Moshi. Mimi ndiye mjomba wa bibi harusi, na mjomba hutarajiwa kutuza. Kutuza kunataka noti ndogo na nyingi. Nilirudi dukani kwa karani yule yule kununua shilingi za Tanzania.

Shilingi moja ya Kenya huenda kwa takriban 19 za Tanzania, kwa hiyo mtu huingia dirishani na kidogo akatoka na maelfu. Karani alinihesabia noti za 10,000 peke yake. Niliomba za 1,000 na 2,000. Alisema duka halikai na noti ndogo za jirani. Nikaomba angalau za 5,000. Akatazama foleni nyuma yangu, nayo foleni ikanitazama mimi. Nikaondoka na elfu kumi kumi.

River Road ya mchana si mahali pa kusimama na kuhesabu pesa. Wakata tiketi watatu walinishika mikono, kila mmoja akiwa na basi linaloondoka sasa hivi. Nilitaka la kesho. Mmoja alisema hata la kesho linaondoka sasa hivi. Nilikata tiketi kaunta, kwa risiti, na yule aliyenishika mkono muda mrefu zaidi akaomba ya chai kwa kunifikisha. Kaunta ilikuwa hatua chache kutoka tulipokutana.

Usiku binamu yangu wa Dallas alipiga simu. Nilimuuliza habari ya bakshishi huko, kwa kuwa mkebe ulikuwa mezani mbele yangu. Akanieleza kuwa sheria ya nchi nzima inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilishwa tangu 1991, na Texas inakifuata. Bakshishi ndiyo inayotegemewa kumfikisha kwenye kima cha chini cha dola 7.25, na bakshishi isipotosha mwajiri anapaswa kufidia. Ndiyo maana huko mteja huacha asilimia 15 hadi 20 bila kuambiwa. Asiyeacha amemnyima mtu mshahara.

Kwetu mhudumu ana mshahara wa mwezi, na watu wengi huona deni limeishia hapo. Jirani yangu ana watoto watatu shuleni. Mshahara wake unajua ada na kodi ya nyumba. Nauli, maziwa na kalamu hutoka mezani kwa wageni. Siku hizi Mkenya anayeshiba humtumia mhudumu shilingi 50 au 100 kwa simu, na fedha inaingia nzima. Mgeni wa nje hana laini hiyo. Anatoa alicho nacho mfukoni.

Jumatano

Basi lilikuwa la saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilifika mapema. Basi halikufika mapema.

Kijana mmoja alichukua sanduku langu kabla sijamwambia ni langu. Alilibeba hadi kwenye buti. Kijana wa pili akalipokea, akalisukuma ndani, akapanga juu yake magunia mawili ya vitunguu. Wote wawili wakasimama mbele yangu. Wa kwanza alisema amebeba, wa pili alisema amepanga. Akatokea wa tatu, huyo alisema amelinda. Nililipa wawili, kila mmoja mkononi mwake, mia mia. Wa tatu nilimwambia sikumwona akilinda. Alikubali.

Watu hunung'unika juu ya vijana hawa, nami nimewahi kusikia wakiitwa majina mabaya. Hawa hawako kwenye orodha ya mishahara ya basi lolote. Anayepakia mizigo River Road kuanzia saa tisa za usiku hulipwa na abiria, au halipwi. Mia moja yake si zawadi.

Kiti cha dirishani alikaa mzee mwenye kofia ya sufu, anakwenda Moshi kumwona mdogo wake. Tulipopita Athi River alinieleza kwamba mwaka 1965 alipanda gari kwenda huko huko akiwa kijana, na shilingi aliyotoka nayo Nairobi ndiyo aliyonunulia chai Moshi. Hakubadilisha kitu. Anasema kweli. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, ikatoa shilingi kuanzia 1921, na shilingi hiyo ilitumika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hadi 1966, kila nchi ilipotoa yake. Mwaka huo kazi ya kubadilisha pesa mpakani Namanga ilipata riziki.

Nilimkumbusha mzee kwamba itifaki ya sarafu moja ilitiwa saini Kampala mwaka 2013, na sarafu yenyewe iliahidiwa kufikia 2024. Sasa imesogezwa hadi 2031. Mzee aliuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia. Akasema mimi nitaiona.

Namanga tulishuka wote. Siku hizi jengo ni moja: unagongewa muhuri wa kutoka Kenya na wa kuingia Tanzania chini ya paa hilo hilo, upande wa unakokwenda. Foleni ilikuwa ndefu, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ilikaguliwa kwa zamu yake. Mbele yangu kijana mmoja aliweka noti ya Kenya ya 500 ndani ya pasipoti. Afisa aliifungua pasipoti, akaitoa noti, akamrudishia bila kusema neno, akagonga muhuri. Kijana alinong'ona kwamba ilikuwa shukrani tu. Mimi sikubaliani naye, na ningependa wote tuelewane hapa. Pesa anayopewa mtu mwenye mamlaka ya kukuzuia ni hongo. Kenya ina sheria yake ya hongo ya 2016, Tanzania ina TAKUKURU, taasisi yake ya kupambana na rushwa. Bakshishi hupewa mtu asiyeweza kukufanya lolote, baada ya kazi kwisha. Foleni ilisogea.

Nje, wabadilishaji walitusubiri na mabunda mikononi. Nilitaka noti ndogo, nikamwita mmoja. Alihesabu haraka sana, kidole kikiruka, akaniwekea bunda kiganjani. Nilihesabu tena mwenyewe, noti moja baada ya nyingine. Katikati palikuwa na noti iliyokunjwa mara mbili, ncha zake zote mbili juu, ili ihesabiwe kama mbili. Nilimwonyesha. Akasema imejikunja. Dereva akapiga honi. Nilichukua pesa yangu, nikamwachia yake, nikapanda. Noti ndogo sikupata.

Arusha basi lilisimama kwa chakula. Mama lishe alinipakulia wali, maharage na mchicha, shilingi 5,000. Nilitoa elfu kumi. Hakuwa na chenji. Abiria mwenzangu alitaka kumlipa kwa noti ya Kenya, mama akakataa kwa adabu. Tangu mwisho wa Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kulipiwa kwa fedha za kigeni, naye anazijua kuliko sisi tuliovuka mpaka asubuhi ile. Akaacha masufuria, akavuka barabara mbio hadi duka la pili, na la tatu, akarudi anahema na noti moja ya 5,000.

Nilitaka kumwachia elfu moja ya mbio zile. Sikuwa nayo. Mfukoni nilikuwa na sarafu za Kenya za shilingi 20, zenye picha ya tembo. Nilizishika, nikaziacha humo humo. Nilimwambia nitapita nikirudi. Akasema, "Haya kaka, karibu."

Alhamisi

Siku nzima nimetafuta noti ndogo Moshi.

Nilianza benki. Nilichukua namba, nikakaa. Namba iliyoitwa ilikuwa mbali na yangu. Nilipofika dirishani dada wa pale alikuwa mpole sana, shikamoo yake ya kweli, lakini noti za 1,000 alizokuwa nazo zilikwisha kwa mteja aliyenitangulia. Mteja aliyenitangulia naye alikuwa na harusi.

Nikajaribu simu. Nilituma pesa kutoka laini yangu ya Kenya kwenda kwa laini ya shemeji, njia hiyo ipo na inafanya kazi. Ilifika mara moja. Tukaenda kwa wakala kuitoa. Wakala akafungua droo, akatuhesabia wekundu wa Msimbazi, ndivyo wenyeji wanavyoita noti za elfu kumi. Simu huvusha pesa. Haivunji noti.

Iliyobaki ilikuwa njia ya madukani. Nilinunua ndizi, wakaniuliza, "Huna ndogo, mjomba?" Nilinunua maji. Nilinunua kiberiti. Kila duka lilinipa noti zake ndogo kwa huzuni, maana nalo linazihitaji. Kufikia saa nane nilikuwa na noti za 1,000 na 2,000 za kutosha bahasha, na ndizi nyingi kuliko familia ya dada yangu inavyoweza kula. Wachagga hawakosi ndizi.

Kwenye mgahawa karibu na stendi niliketi na kijana ambaye ni mgumu, ndivyo wanavyojiita wapagazi wa Kilimanjaro. Alikuwa ameshuka jana. Mabega ya koti lake yalikuwa yamelika hadi pamba inaonekana, mahali mikanda ya begi inapokaa. Mzigo wa mpagazi mlimani una kikomo cha kilo 20, na hupimwa langoni. Nilimuuliza habari ya bakshishi, naye aliweka kikombe chini kabla ya kujibu.

Alisema siku ya mwisho wageni hupanga pesa, watu wanaimba, picha zinapigwa, na bahasha moja inakabidhiwa kiongozi. Kiongozi mwema huifungua mbele ya wote. Kiongozi mwingine huifungua baadaye. Mpagazi hajui kilichoandikwa humo, na mgeni ameshapanda gari. Kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi hao, KPAP, ulioanzishwa 2003, ambao huwahimiza wageni wampe kila mpagazi chake mkononi, au watangaze kiasi cha kila mtu wote wakisikia. Kijana alisema mgeni akifanya hivyo, anamkumbuka mwaka mzima. Nilimwamini. Aliyebeba hema la mtu mpaka mita 4,600 hapaswi kuulizia ujira wake kwa mtu wa tatu.

Yeye ndiye aliyeniondolea mkebe. Alijua hoteli ambayo wapanda mlima husubiri gari la uwanja wa ndege, na alijua kusema nao. Wajerumani wawili walimwaga euro juu ya meza, wakazipanga kwa ukubwa, wakahesabu, wakatoa noti za euro safi. Walishangaa. Mmoja aliniambia ameacha sarafu kama hizo kila alipokula tangu alipofika, na hakuna aliyemweleza. Nani amweleze? Mhudumu akiisukuma nyuma sarafu ya mgeni ataonekana hana shukrani. Pauni na senti hazikupata mwenyewe. Nilimpa mgumu elfu tano kwa msaada wake. Bahasha yangu ilipungua, nami nikarudi dukani kununua kiberiti kingine.

Ijumaa

Ukumbi ulifunguliwa saa kumi na mbili jioni. Sherehe ilianza saa mbili.

Bahasha ya noti ndogo niliishika mkononi tangu nyumbani. Mlangoni binti mmoja wa kamati alinipokea kwa heshima zote, shikamoo mjomba, karibu mjomba, akaichukua bahasha kwa mikono miwili, akaitumbukiza kwenye sanduku la zawadi. Sanduku lilikuwa limefungwa kwa kufuli na kupambwa kwa riboni. Ufunguo alikuwa nao mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti alikuwa amefuata keki.

Dada yangu alijaribu kumtafuta kwa simu. Wakati huo mshereheshaji alikuwa ameshika kipaza sauti, na jina la kwanza kuitwa upande wa mama lilikuwa la mjomba kutoka Nairobi. Muziki ukapandishwa. Nilisimama.

Kutuza kuna utaratibu wake, na ni mzuri. Unatoka mezani unacheza, si kwa haraka. Unafika mbele ya anayetuzwa, unaweka noti moja, unarudi nyuma hatua, unacheza, unaweka nyingine. Wazazi hupewa, wapiga muziki hupewa, anayecheza vizuri naye hupewa. Noti kumi za elfu moja ni heshima ndefu. Noti moja ya elfu kumi inaisha kabla wimbo haujafika kiitikio. Binti maalumu hupita na kapu kukusanya zilizoanguka, na hakuna anayezigusa isipokuwa yeye.

Mfukoni nilikuwa na wekundu peke yake. Nilicheza hadi mbele nikamwekea mpwa wangu mwekundu wa kwanza. Mshereheshaji aliona rangi, akatangaza. Ukumbi ukashangilia, na wapiga muziki wakanigeukia. Nikaweka wa pili. Wimbo ulikuwa bado mrefu.

Shangazi wa bwana harusi aliyaona yote kutoka meza yake. Alikuja anacheza, kanga begani, akanishika mkono kama anayenisalimu, akaniachia bunda la noti za elfu moja, mpya, zenye utepe wa benki. "Nivunjie baadaye, mkwe." Nimeandika hapa ili nisisahau: huyu mama amekuwa mwema kwangu. Nilituza hadi wimbo ukaisha, na mwingine ukaanza, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, akaingia amesimama kwa miguu minne, majani mdomoni. Mwenyekiti wa kamati alifika na keki na ufunguo saa nne.

Jumamosi

Basi la kurudi lilikuwa la saa tatu asubuhi. Gesti niliyolala ilikuwa safi, maji ya moto yalikuwepo nilipoyahitaji, na dada anayesafisha vyumba alinipigia pasi shati la sherehe bila kuniomba kitu. Nilimwachia 5,000 juu ya meza ya chumbani, nikaenda stendi.

Nilikuwa nimeshaketi nilipomwona anapita kando ya mabasi, anachungulia madirisha, noti mkononi. "Baba, umesahau hela yako." Nilimwambia ni yake. Hakuichukua. Alisema mwezi uliopita mwenzake aliokota pesa chumbani, mgeni akapiga simu kudai kaibiwa, na mwenzake akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Akasema nikitaka kumpa nimpe mbele ya mapokezi.

Kwa hiyo nilishuka, tukarudi pamoja. Kwa mhudumu wa mapokezi nilisema kwa sauti kwamba noti hii ni asante ya dada huyu kwa kazi yake. Aliandika kwenye daftari: tarehe, namba ya chumba, kiasi. Dada akaikunja, akaitia ndani ya mfuko wa gauni la kazi, akafunga kifungo. Basi liliondoka bila mimi, lakini na sanduku langu. Kondakta alipiga simu kusema sanduku litanisubiri River Road.

Nafasi ya karibu ilikuwa kesho. Nilikula mchana pale gesti. Mpishi aliposikia natoka Nairobi alikwenda nyuma, akarudi na Biblia, na ndani ya Biblia noti ya Kenya ya 1,000, ile ya kahawia yenye uso wa Mzee Kenyatta. Alipewa na mgeni Mkenya aliyefurahia mtori wake, mwezi wa Desemba 2019. Aliambiwa ni zaidi ya shilingi 20,000. Maduka ya kubadilisha yalimkataa, akaiweka, akisubiri mtu wa kwetu.

Nilimweleza. Noti mpya zilizinduliwa Madaraka Dei, tarehe 1 Juni 2019, na elfu moja za zamani zikafutwa baada ya Septemba 30. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imeshasimamisha kubadilisha shilingi za Kenya mwezi Juni huo huo. Noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi Benki Kuu yetu. Moja yao iko kwenye Biblia Moshi. Mtu aliyempa mama huyu noti ile mwezi Desemba alitoka katika nchi ambayo hata muuza njugu alijua imekufa. Sijui alikuwa nani. Niliona aibu kwa niaba yake, nikampa mpishi wekundu wawili, naye akanipa ile noti, akasema Biblia sasa itafunga vizuri.

Jumapili

Basi lilisimama Arusha mahali pale pale. Mama lishe hakuwepo, alikuwa kanisani. Masufuria yalilindwa na mwanawe wa kiume, kijana wa shule ya sekondari. Nilimpa 2,000 za mama yake, za mbio za Jumatano. Aliuliza nilikula nini. Nikamwambia wali na maharage. Akasema wali na maharage ni 5,000, sijamaliza kulipa. Tulimpigia mama simu, naye akanyanyuka ibadani akatoka nje kuipokea. Alinikumbuka. Alimwambia mwanawe aniongezee mchicha.

Namanga nilikuwa nimebakiwa na sarafu za Tanzania. Kabla ya kuvuka nilinunua njugu kwa zote kutoka kwa mama mmoja wa Kimasai, ili nisivuke na chuma. Njugu zilikuwa nyingi. Nilizigawa kwenye foleni.

River Road tulifika saa nne za usiku. Sanduku lilikuwa ofisini, na ofisi ilikuwa imefungwa. Mlinzi alijua aliye na ufunguo, na aliye na ufunguo alikuwa anakula Accra Road. Alirudi alipomaliza. Kijana mmoja alilitoa sanduku langu chini ya magunia, akalibeba hadi steji ya matatu za Kangemi. Sikuwa na noti ya mia, yeye hakuwa na chenji ya elfu. Nilimtumia kwa simu, 150, kwa sababu ya usiku.

Ujumbe wangu ulikuja mara moja. Wake haukuja. Tulisimama pamoja chini ya taa, kila mmoja akitazama simu yake. Makanga alinihimiza nipande, nikamwambia ajaze wengine kwanza. Matatu mbili ziliondoka. Simu ya kijana ilipolia alisoma kiasi kwa sauti, akaniinulia sanduku, akaniambia nauli imepanda tangu Ijumaa.